Mahame na Wale Wayachimbao

Mwezi huu twataka kusema neno juu ya mahame, wala hatutalisema kwa upole, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kuwa baya. Hapana mtu wa Unyamwezi asiyejua hame ni nini. Ni mahali palipokuwa kijiji, watu wakahama kwa vita au kwa njaa au kwa amri, nyumba zikaanguka, pakabaki minyaa iliyokuwa boma, jiwe la kusagia lililolika katikati, na vigae vingi ardhini. Wengine wetu huyaita matongo. Mkulima ayapenda, maana majivu na samadi ya miaka mingi vimeutia udongo wake rutuba. Na watoto wachungao mbuzi huokota ushanga pale baada ya mvua kubwa. Zamani mahame yalikaa salama kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeyafikiri. Siku hizi wapo wayafikirio, nao huyafikiri kwa sururu.

Kando ya njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, mahame yachimbwa. Mashimo hayo tumeyaona kwa macho yetu, sisi tunaofundisha vijijini na kwenda kwa baiskeli kutoka shule hata shule: shimo lenye kina cha mtu mzima, udongo umetupwa huku na huku, vyungu vya kale vimevunjwa, na mabaki ya dawa ya mganga ukingoni. Mengine huchimbwa mchana kweupe na wafyatua matofali ya mabani ya tumbaku, ambao huuona udongo wa hame kuwa laini. Wale wa kwanza watafuta mali isiyokuwapo. Hawa wa pili wachukua udongo ambao wangeupata hatua mia mbili kutoka pale. Wote wawili huharibu kitu kisichoweza kufanywa tena.

Basi twasema wazi tangu mwanzo. Hame ni mali ya kijiji na ya taifa, kama vile msitu na kisima vilivyo mali ya wote, na mtu alichimbaye gizani ni mwizi hata kama hajapata kitu. Tena twasema ya kwamba wakubwa nao wana deni, kwa kuwa wameitunza nyumba waliyolala wageni, wakaviacha vijiji vya wenyeji waliowalisha.

Tuanze na hao wa usiku. Wao husema ya kwamba Wajerumani walipokimbia Tabora katika vita ya kwanza walifukia dhahabu. Ya kwamba yuko mzee aliyeona, naye alimwambia mwanawe, na mwanawe amemwambia mganga. Habari hii ina mzizi wa kweli, na ndiyo sababu haifi. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari, walipiga sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora katika karakana ya reli, sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Zilipata 16,000 hivi. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule jeshi la Wabelgiji likaingia mjini. Basi mtu asikia dhahabu, asikia Tabora, asikia kukimbia, naye huamka na kutafuta sururu.

Lakini mwenye akili na ajiulize. Sarafu zile zilipigwa ili watu walipwe, kwa kuwa serikali ile ilikuwa na upungufu wa fedha. Na fedha ya kulipa watu haifukiwi porini, hutoka mkononi. Tena, mtu akimbiaye, aachaye mizinga na mizigo, kwa nini aiache dhahabu iliyo nyepesi kuliko vyote? Hata kama mmoja wao alificha mfuko wake, kwa nini auweke ndani ya kijiji kilichohamwa miaka 100 au 1,000 kabla yeye hajazaliwa? Mchimbaji hana jibu. Yeye ameona vigae, akadhani ni alama. Ni alama kweli, lakini si ya Mjerumani. Ni alama ya bibi mmoja aliyesonga ugali wa mtama mahali pale.

Tumeuliza mara nyingi, ni nani aliyepata? Hujibiwa siku zote ya kwamba aliyepata yuko kijiji cha mbele. Ukienda kijiji cha mbele, wasema yuko mbele zaidi. Aliyepata hakika ni mganga, kwa kuwa yeye hulipwa mbuzi na fedha kabla shimo halijaanzwa.

Sasa tuseme kinachoharibika, maana wengi hudhani ya kwamba kigae ni kigae tu. Bingwa wa elimu ya mambo ya kale hachimbi kama mchimba choo. Hupima mraba mdogo kwa kamba, akaondoa udongo vidole viwili viwili, akiandika kila kitu kilipokuwa na kilichokuwa kando yake. Watu wakikaa mahali pamoja muda mrefu, takataka zao hujipanga zenyewe: za babu chini, za mjukuu juu. Kigae kilicho chini ya majivu ni cha zamani kuliko kigae kilicho juu ya majivu yale yale. Makaa ya jiko la kale nayo yana umri wake ndani yake. Mti ukiisha kufa, namna fulani ya kaboni iliyomo ndani yake huanza kupungua kwa kiasi kijulikanacho, na mabingwa wakipima iliyobaki hujua ni miaka mingapi imepita. Walakini kazi hii yote yategemea ya kwamba makaa na kigae vimekaa mahali pake. Sururu ikiisha kupita, babu na mjukuu wamechanganyika, wala hapana atakayewatenga tena. Hata mchimbaji akitubu akatuletea vigae gunia zima, hatuna la kujifunza katika gunia lile isipokuwa uzito wake.

Mfano ulio bora upo katika njia yetu wenyewe, huko Uvinza, pande za mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi. Watu wengi wa magharibi wamekula chumvi ya Uvinza. Maji ya chemchemi zake yana chumvi nyingi, na tangu zamani watu walikwenda huko kiangazi kutoka pande za ziwa, na Uha, na Burundi, na Unyamwezi. Wakapiga kambi, wakachemsha maji yale katika vyungu, wakawapa wakuu wa Uvinza sehemu yao, wakarudi kwao na mizigo. Wakuu hao walitoza pia hongo ya kuvuka Malagarasi. (Neno hongo siku zile maana yake ilikuwa ushuru uliolipwa mbele ya watu wote, wasomaji wajua limefika wapi siku hizi.) Wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari za chumvi ile, na ilikuwa rahisi kudhani ya kwamba ni biashara iliyoletwa na misafara.

Ndipo mwaka 1967 mabingwa wawili, J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, walipochimba pale kwa utaratibu tuliousema. Chini ya vigae vya siku za misafara wakaona vingine, na chini zaidi vingine tena, vya namna isiyofinyangwa na mtu yeyote siku hizi. Makaa yalipopimwa yakaonyesha ya kwamba watu walikuwa wakifanya kazi ya chumvi pale tangu yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya kuzaliwa Kristo.

Tafadhalini simameni kidogo juu ya hesabu hiyo. Dola ya Rumi ya magharibi ilianguka mwaka 476. Karibu na siku zile zile, miaka zaidi ya 1,000 kabla Mzungu yeyote hajakanyaga nchi ya Unyamwezi, mtu fulani alikaa kando ya chemchemi ya Uvinza akichochea moto chini ya chungu cha maji ya chumvi, naye alitaraji kwamba watakuja watu wa mbali kuinunua. Hakuacha jina. Aliacha chungu kilichovunjika na makaa, navyo vimetosha kumnyang'anya kila mtu haki ya kusema ya kwamba nchi hii haikuwa na kazi wala biashara mpaka ilipofikiwa na wageni. Baba zetu na babu zetu walifundishwa maneno hayo darasani, wakayaandika katika madaftari yao, na wengine waliyaamini. Hawakuwa na la kuwajibu waliowafundisha, kwa kuwa jibu lilikuwa chini ya ardhi. Kama mtu wa sururu angalitangulia kufika Uvinza akitafuta rupia, lingalipotea, na tungaliendelea kuamini.

Ndiyo maana twakasirika. Mahame ya Unyanyembe, na ya Urambo, na ya Usagari, yaliyochunguzwa kwa namna ile ni machache mno, na hayo mengine hatujui yana habari gani. Twajua tu yanayoonekana juu. Twaona mavi ya chuma mahali palipokuwa na tanuru, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha pepo za mivukuto. Majembe yaliyofuliwa katika nchi hizi za magharibi yaliuzwa mbali, yakatumika kama fedha na kama mahari. Twaona ushanga wa rangi nyingi, ulioingia nchini mzigo kwa mzigo mabegani mwa watu. Twajua pia ya kwamba njia yenyewe hawakuifungua Waarabu. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani yapata mwaka 1800, na Waarabu walikuja kukaa Kazeh, ambayo sasa imo katika Tabora, nusu karne baadaye. Burton na Speke walipofika pale tarehe 7 Novemba 1857, walikuja kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za watu wetu. Lakini wale waliobaki nyumbani, waliolima na kufua na kufinyanga wakati vijana wako pwani, waliishije? Hilo halimo katika kitabu cha Burton. Limo katika hame.

Hapa tuna neno na wakubwa. Kilometa chache kutoka mjini Tabora iko Kwihara, na huko iko nyumba ya tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Stanley, kisha bila yeye, mpaka tarehe 25 Agosti alipoondoka kwa safari ambayo hakurudi nayo hai. Nyumba hiyo imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Hatusemi ni vibaya. Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao, waliochukua maiti ya bwana wao kutoka Ilala mpaka pwani, walipita pale Oktoba 1873, na kwa ajili yao peke yao mahali pale pangestahili kutunzwa. Lakini je, Kwihara palikuwa na nyumba moja? Bonde lile lilikuwa na vijiji na mashamba pande zote, na watu wake ndio waliotoa mtama na kuku na viazi vilivyomlisha Livingstone miezi ile yote alipokuwa akingoja wapagazi. Mgeni wa leo aonyeshwa mlango uliochongwa na chumba cha Mzungu, apiga picha, arudi mjini. Akimaliza ziara yake ajua mahali alipolala mtu mmoja aliyepita, wala hajui walikolala wenye nchi.

Mwaka 2006 serikali yetu iliiandika njia hii katika orodha ya mahali panapongoja kufikiriwa kuwa urithi wa dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tulifurahi. Walakini jina lililopewa njia ni la watumwa na pembe za ndovu. Watumwa walipita, wala mtu asituambie ya kwamba minyororo ni hadithi. Wapo katika vijiji vyetu wajukuu wa watu waliofika hapa kwa namna hiyo, nao hawapendi kuulizwa. Kulitaja ni haki. Lakini je, njia ilichukua hayo mawili tu? Ilichukua chumvi na majembe na nafaka. Ilichukua wapagazi wengi sana walio waungwana, waliopatana ujira wao kabla ya kuinua mzigo wa frasila mbili na kwenda nao miezi mitatu. Jina likisema watumwa na pembe peke yake, basi mtu atakayelisoma atadhani ya kwamba kila aliyeinama chini ya mzigo aliinamishwa kwa nguvu, na kwamba pande zote mbili za njia palikuwa na pori tupu. Na katika vile vituo sita, Uvinza haimo.

Tuje kwenye sheria. Waingereza walitunga amri ya kuhifadhi mambo ya kale katika Tanganyika mwaka 1937. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo yakataza kuchimba bila leseni, nayo yamtaka aliyevumbua kitu cha kale apeleke habari. Yafaa kila mwenyekiti wa kijiji ajue jambo hili: vitu na majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863 yahesabiwa kuwa ya kale kwa umri wake tu, bila kungoja tangazo. Kwa hiyo hame la zamani zile, hata kama halina kibao wala mlinzi, limo ndani ya sheria, na asemaye kwamba hakuona kibao hana udhuru.

Lakini mwaka 1863 ni mpaka mbaya kwetu sisi watu wa magharibi. Hebu tazameni. Mwaka huo Mnywa Sele alikuwa bado akipigana na Waarabu wa Tabora, akauawa mwaka 1865. Mirambo alikuwa bado hajajulikana. Aliiteketeza Tabora mwaka 1871, akajenga mji wake Iselamagazi katika Ulyankulu, akafa Desemba 1884. Isike wa Unyanyembe alijifungia katika boma lake la Isiunula akapigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, na boma lilipovunjwa akaiwasha baruti aliyokuwa nayo ndani. Mambo haya makubwa ya nchi yetu yote yako upande usiofaa wa mpaka. Mahali pa namna hiyo pangoja tangazo la Waziri, moja moja. Na kama mji wa mtemi wangoja tangazo, kijiji cha wapagazi cha mwaka 1880 kitangojea nini? Nani atamkumbusha Waziri juu ya kijiji ambacho jina lake lajulikana na wazee watatu tu? Sisi twaona afadhali sheria ihesabu miaka 100 nyuma tangu leo, na mpaka usogee kila mwaka, kama umri wa mtu unavyosogea.

Wapo wanaotuambia ya kwamba hapa hapana cha kuhifadhi, kwa kuwa babu zetu walijenga kwa miti na udongo, na kitu kisicho cha jiwe hakiwi historia. Waende Engaruka waone kazi ya mawe ya wakulima wa Tanzania, kama ni mawe wayatakayo. Lakini hata hoja yenyewe ni ya kipumbavu. Huko Uingereza, katika jimbo la Cornwall, kiko kijiji kidogo juu ya kilima, jina lake Chysauster. Watu waliishi pale Warumi walipoitawala nchi ile, yapata miaka 2,000 iliyopita, nao walikuwa wakulima na wafugaji. Zilizobaki ni kuta fupi za nyumba nane hivi, kila moja ina ua katikati na vyumba kuuzunguka. Hapana mfalme aliyezaliwa pale, hapana vita iliyoandikwa, wala jina la mtu wake hata mmoja halijulikani. Walakini Waingereza wanakitunza. Mahali palipowekwa chini ya sheria yao hapachimbwi bila kibali, na hata kupita pale bila ruhusa na kile chombo cha kutafutia madini ardhini ni kosa. Walianza kutunga sheria za namna hiyo mwaka 1882. Hatuwataji ili tuwaige, maana tumewaiga vya kutosha. Twawataja ili ionekane ya kwamba taifa lenye majumba ya wafalme na makanisa makubwa halikuona haya kulinda zizi la mkulima asiye na jina. Tena kule kwao yako mahame yasiyo na jiwe hata moja, ila udongo wenye rangi nyeusi zaidi mahali nguzo ilipooza, nayo yanasomwa.

Wako pia ndugu zetu Wakristo wasemao ya kwamba mahame ni mahali pa mizimu, na ya kwamba Mkristo asijishughulishe nayo, yakifukuliwa, vema. Maneno haya twayaona kuwa hatari kuliko sururu, kwa kuwa husemwa na watu wema. Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yachukuliwe kutoka Yordani na kusimamishwa, kusudi watoto waulize maana yake, hakuamuru yatupwe. Na tuutazame mji wa Kapernaumu, ambao kila mtoto wa shule ya Jumapili aujua. Mapadre Wafransisko walichimba pale tangu mwaka 1968, wakaona nyumba ndogo za mawe meusi za siku za Warumi, na ndani yake ndoana za kuvulia samaki. Kama watu wa Kapernaumu wangalikwenda usiku na mganga kutafuta dhahabu ya Warumi chini ya sakafu zile, ndoana hizo zingalikuwa wapi? Tena anayeogopa mizimu ya hame na atazame ni nani aliye na mganga hapa. Si yule alindaye.

Hoja moja twaiheshimu, nayo ni ya mkulima. Husema, nina watoto saba na ekari tatu, na ekari moja ni hame; je, nile vigae? Hatumwambii aache kulima. Jembe la mkono hukwaruza juu tu, na mahame mengi yamelimwa hivyo miaka mingi bila kuharibika chini. Twamwomba asiingize plau ya trekta pale, asichimbe choo pale, asifyatue matofali pale, na asimruhusu mwingine afanye hivyo kwa elfu ishirini. Ni nani asiyeweza hayo? Mkulima wa tumbaku atakayejenga bani anaweza kupata udongo mahali pengine, na kama udongo ule ni mgumu kidogo, maji yapo.

Jambo la reli ni zito zaidi, kwa kuwa halimo mikononi mwa kijiji. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na haikumwuliza mtu juu ya mahame. Mwaka 2022 mkataba wa reli mpya kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa saini, nayo yafuata nchi ile ile ya misafara. Tuta la reli lataka udongo mwingi, na udongo hutoka katika mashimo yachimbwayo kando. Sisi hatuikatai reli, tutapanda. Lakini mhandisi hana njia ya kujua ya kwamba kichaka cha minyaa kilichopandwa kwa duara ni boma la kijiji. Mzee wa pale ajua. Basi mzee huyo aulizwe kabla katapila halijafika, na kama hakuulizwa, aende mwenyewe na mwenyekiti wake waseme.

Kwa maana hiyo kijiji chataka kuwa na orodha. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Na itunge moja fupi: hapana kuchimba katika hame lililoandikwa, na atakayechimba atalipa faini na kufukia shimo lake mwenyewe. Pamoja na hiyo iandikwe orodha ya mahame yote, jina la kila moja kama wazee walitajavyo, liko upande gani wa kisima au mto, nani alikuwa mtemi wake kama ajulikana, na kinachoonekana juu ya ardhi. Nakala moja ikae ofisini kwa kijiji, moja shuleni, na moja apelekewe Afisa Utamaduni wa wilaya, naye atie mhuri ya kwamba ameipokea. Mhuri ni wa lazima. Siku Idara ya Mambo ya Kale itakaposema haikuwa na habari, tutauonyesha.

Kazi ya kuandika yaweza kufanywa na watoto wa darasa la sita na la saba pamoja na mwalimu wao na mzee mmoja, na wakati wake ni baada ya nyasi kuungua, kabla ya mvua za kwanza, maana ardhi huwa wazi na vigae huonekana kwa mbali. Kila mtoto achukue daftari na kalamu na kamba ya kupimia. Jembe libaki nyumbani. Akiona ushanga au kigae, auandike au akichore, kisha akiache pale pale alipokikuta.